Mashua ya faiba iliyokunywa maji: dalili, vyanzo na matengenezo

Ufuoni Dunga, Kisumu, swali ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Fundi, mashua haina tundu hata moja. Mbona imekuwa nzito?" Anayeuliza mara nyingi amekulia kwenye mashua za mbao. Mbao ikinywa maji huvimba na kila mtu huona. Faiba aliuziwa kwa neno kwamba hailowi, akaiacha majini miaka sita mfululizo, na sasa imeanza kumgeuka.

Faiba inalowa. Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama wenye vyombo wanavyozileta. Katika kila dalili anza na chanzo cha kwanza, maana ndicho kinachopatikana mara nyingi, wala usiruke ukaguzi mwepesi kwa sababu tayari una grainda mkononi. Kazi nyingi mbovu ambazo nimezifungua hazikuharibiwa na rezini mbaya (ile gundi inayoganda na kuzishika nyuzi). Ziliharibika kwa sababu fundi alipaka juu ya faiba mbichi, akayafungia maji ndani.

Maji yanaingiaje pasipo tundu

Mashua hizi ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, na kwa huku kwetu rezini hiyo karibu kila mara ni ya poliesta. Kioo chenyewe hakinywi. Rezini ndiyo inayokunywa: chembe za maji hupenya katikati ya minyororo yake hata pale ambapo jicho halioni ufa wowote. Poliesta ya kawaida ikishiba hubeba maji ya kiasi cha asilimia 1 hadi 3 ya uzito wake. Pale ambapo uzi haukulowa vizuri kwa rezini siku ya kuundwa, maji hupata njia ya mkato na kufuata uzi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi.

Mwendo wake una kanuni. Mwanzoni maji yanayoingia hulingana na kipeuo cha pili cha muda, yaani ili yaongezeke mara 2 lazima muda uongezeke mara 4. Unene hufuata hesabu hiyo hiyo. Ikiwa faiba ya milimita 3 imeshiba kwa miezi 6, ya milimita 6 itachukua miaka 2. Kumbuka hesabu hii tutakapofika kwenye kukausha, kwa sababu maji hutoka kwa mwendo huo huo wa kinyonga.

Joto huharakisha mambo. Ziwa letu huwa na joto la digrii 25 hivi mwaka mzima. Ulaya boti nyingi hupandishwa nchi kavu majira ya baridi, zikapumzika miezi kadhaa. Zetu hazipumziki, kwa hiyo usishangae kitabu cha mtengenezaji kikikuahidi miaka mingi kuliko unayoipata hapa kwenye Ghuba ya Winam.

Dalili ya kwanza: mashua imekuwa nzito na inakaa chini zaidi majini

Kabla ya kugusa chochote, piga hesabu. Faiba yenye uzito wa kilo 200 ikishiba asilimia 2, imebeba kilo 4 za maji. Hizo hazijazi hata dumu la lita 5. Kwa hiyo mashua ikizama kiganja kizima kuliko zamani, au ikihitaji watu wanane kuivuta ufuoni badala ya watano, maji hayo hayamo ndani ya faiba yenyewe. Yamejificha mahali pengine, na ukiikwangua mashua nzima kuyatafuta kwenye ngozi yake utakuwa umetupa pesa.

Chanzo cha kawaida kabisa ni maji yaliyonaswa chini ya sakafu. Mataruma, yaani mbavu za mashua, huwa na vitundu vya kupitishia maji kwenda tezi, yaani nyuma, na vitundu hivyo huzibwa na magamba ya samaki, vipande vya nyavu na matope. Vuta mashua ufuoni, inua omo (mbele) juu ya magogo, fungua kizibo cha nyuma na uiache usiku kucha. Pitisha waya kwenye kila kitundu. Watu wengi tatizo lao huishia hapa, bila kutumia hata shilingi.

Kama bado ni nzito, shuku povu la kuelea. Povu la polyurethane likiwa kavu huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40 kwa mita moja ya ujazo, lakini nafasi hiyo hiyo ikijaa maji hubeba kilo 1,000. Povu zuri lina vyumba vilivyofungika, ila miaka ya kutikiswa na mawimbi na kulala ndani ya maji huvipasua. Kata tundu dogo sakafuni, la upana wa sentimita 10, chomoa kipande cha povu ukikamue kama sifongo. Likitoa maji, limekwisha. Halitakauka likiwa chini ya sakafu, hata ukiianika mashua Januari nzima. Sharti sakafu ifunguliwe, povu litolewe, na jipya lenye vyumba vilivyofungika liwekwe.

Onyo: usitoe povu ukaacha nafasi tupu iliyo wazi. Povu hilo ndilo linaloiweka mashua juu ya maji siku inapojaa dhoruba ikikukuta mbali na nchi. Na ukikuta povu limegandishwa ndani ya mataruma yenyewe, acha. Hapo umefikia mifupa ya chombo, na kazi hiyo ni ya mjenzi wa boti.

Chanzo cha tatu ni mbao zilizofunikwa na faiba, nitazieleza kwenye dalili ya tatu. Faiba yenyewe kushiba ni chanzo cha mwisho kabisa kwa suala la uzito.

Dalili ya pili: malengelenge chini ya mstari wa maji

Hili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu huonekana dogo na watu huliziba kwa puti na rangi, kisha mwaka ujao mwenye mashua hurudi na malengelenge mara tatu ya yale.

Siku mashua inapotolewa majini, kagua saa ile ile. Baadhi ya malengelenge hunywea baada ya siku chache za jua na utadhani yamepona. Zungushia kila moja kwa penseli ya nta, kisha vaa miwani ya kazi na glavu, utoboe matatu au manne kwa ncha ya kisu. Miwani si hiari. Maji ya lengelenge huwa na shinikizo na yanaweza kuruka hadi machoni, nayo ni ya asidi.

Likiwa kavu ndani, au likitoa maji ya kawaida, na chini yake gelikoti (tabaka la nje la rezini linaloifunika faiba) ni nzima na inang'aa, ni rangi tu iliyoachia. Hicho ndicho chanzo chepesi. Kwangua rangi, piga msasa, paka upya.

Likitoa majimaji yanayonata vidoleni na kunuka kama siki, una ugonjwa wenyewe. Hivi ndivyo unavyotokea. Ndani ya faiba hubaki vitu vidogo vinavyoyeyuka majini, vingine vikiwa ni mabaki ya siku ya kuundwa, vingine vikitokana na rezini inayovunjwa na maji taratibu. Maji yanayopenya huviyeyusha katika mifuko midogo nyuma ya gelikoti. Sasa mfuko una maji mazito na ziwa lina maji mepesi, na gelikoti katikati inapitisha maji lakini haipitishi vile vitu vilivyoyeyuka. Maji ya nje huvutwa ndani yakijaribu kusawazisha, shinikizo likapanda hadi gelikoti ikavimba.

Hapa pana jambo ambalo wengi wa kwetu hulielewa kinyume. Wanadhani maji ya chumvi ya Mombasa ndiyo makali kwa faiba na maji matamu ya ziwa ni ya upole. Kwa chuma ni kweli. Kwa malengelenge ni kinyume chake. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita, kwa hiyo tofauti kati ya ndani na nje ya mfuko huwa ndogo na mvuto hupungua. Ziwa Victoria halina chumvi ya kutajika, hivyo mvuto huwa mkubwa. Mashua iliyokaa salama Pwani inaweza kuota malengelenge Kisumu, na aliyeiuza asiwe amemdanganya mtu.

Kwa nini mashua moja iugue na jirani yake isiugue? Sababu ya kwanza ni gelikoti nyembamba. Inapaswa kuwa na unene wa nusu milimita hivi, sawasawa kila mahali, na nimewahi kukwangua boti ambayo upande mmoja wa mkuku (uti wa chini wa mashua) ulikuwa kama karatasi. Ya pili ni aina ya rezini: ile ya bei nafuu iitwayo ortho hushindwa mapema, iso huvumilia zaidi, na vinyl ester huvumilia kuzishinda zote mbili. Ya tatu ni hewa iliyoachwa kwenye mkeka wa nyuzi fupi fundi alipokuwa na haraka ya rola.

Tiba hutegemea wingi. Yakiwa machache na madogo kama punje ya maharagwe, usiisimamishe mashua msimu mzima. Fungua kila moja kwa grainda ndogo mpaka ukute faiba ngumu, osha kwa maji safi mara nyingi hadi harufu ya siki iishe, kausha, halafu jaza kwa puti ya epoksi, rezini ya aina nyingine. Usitumie puti ya poliesta ya magari. Yenyewe inakunywa maji kuliko ulichokitoa.

Yakiwa yametapakaa tumbo zima, gelikoti yote ya chini ya mstari wa maji huondolewa. Osha faiba iliyobaki kwa maji ya moto, kila siku, kwa siku kadhaa. Wengi huruka hatua hii wakiona ni ujinga kulowesha kitu unachotaka kukikausha. Lakini vile vitu vilivyoyeyuka haviondoki kwa jua. Maji huruka yakaviacha, na siku mashua inaporudi ziwani vinaanza kuvuta upya. Baada ya kuosha ndipo ukaushe, kisha upake epoksi tabaka juu ya tabaka hadi unene wa angalau robo milimita ikiwa kavu. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta. Poliesta juu ya epoksi haishiki vizuri, kwa hiyo usirudishie gelikoti ya kawaida juu yake. Tumia rangi inayokubaliana na epoksi.

Niliwahi kufunga kazi kama hii Machi, mvua zikinikimbiza na mwenye mashua akihesabu siku alizokosa samaki. Nilijua bado ni mbichi, nikapaka. Baada ya miezi minane epoksi ilikuwa imeinuka kama maganda, na kazi yote nikairudia kwa gharama yangu. Ninalisema hili kwa sababu shinikizo la kumaliza mapema ni la kweli, na anayelipa mwisho ni mtu anayetegemea chombo hicho kulisha nyumba.

Acha na umwite mjenzi wa boti iwapo bisibisi inazama chini ya lengelenge, au tabaka za ndani zinaachana kama kurasa. Huo si ugonjwa wa ngozi tena.

Dalili ya tatu: ubao wa tezi unacheza, au sakafu inabonyea

Ndani ya tezi, pale injini inapofungwa, mara nyingi kuna plaiwudi iliyofunikwa na faiba pande zote mbili. Maji hupita kwenye matundu ya bolti, huingia kwenye plaiwudi, na mbao huoza gizani huku faiba ya nje iking'aa.

Ukaguzi wa kwanza: gonga kwa sarafu ya shilingi 20, ukisogea sentimita 5 kila mara. Penye uzima pana mlio mkavu na mkali. Penye kuachana au kuoza mlio huwa butu, kama wa kugonga boga. Pili, mtu mmoja aikamate injini kwa chini na kuisukuma taratibu mbele na nyuma, mwingine atazame ukingo wa tezi. Ukiona unapumua, umepata jibu. Tatu, kutoka ndani toboa tundu la milimita 5 bila kutokea nje, uangalie unga wa drili. Mweupe na mkavu ni sawa. Wa kahawia, wenye unyevu na harufu ya uyoga, mbao imekwenda.

Unyevu ukiwa umezunguka bolti tu, toa bolti, panua matundu, acha yakauke, jaza epoksi nzito, kisha toboa upya katikati ya epoksi hiyo. Hivyo bolti haitagusa mbao tena maishani.

Onyo kubwa: tezi ikipumua, ondoa injini siku hiyo. Usiende safari moja zaidi, hata ya kuvuka karibu. Injini ya nguvu za farasi 40 ikiing'oa tezi, inaacha mlango wazi nyuma ya mashua. Kubadilisha kiini cha tezi ni kazi ya fundi aliyewahi kuifanya, na kama chombo hubeba abiria, kikaguliwe na mkaguzi wa vyombo kabla ya kurudi kazini.

Dalili ya nne: kiraka kimebanduka

Usikitupe. Kigeuze ukisome mgongo wake, maana kimeandika sababu.

Mgongo unaong'aa na kuwa laini unasema hakikuwahi kushika. Aidha uso haukupigwa msasa mkali wa namba 80 au mzito zaidi, au ulikuwa na mafuta ya samaki, au ulikuwa na unyevu. Osha kwa sabuni kwanza, halafu asetoni, halafu msasa. Ukitangulia na msasa unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Mgongo wenye nyuzi zilizong'olewa kutoka kwenye mashua unasema kiraka kilishika vizuri, faiba ya chini ndiyo iliyoachana. Rudi kwenye kugonga sarafu ujue imeachana hadi wapi. Mgongo unaonata, hata baada ya wiki, unasema rezini haikuiva.

Rezini isiyoiva hunywa maji upesi kuliko iliyoiva. Poliesta nyingi hutaka hadena (dawa ya kuivisha rezini) gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo. Pima kwa sindano au kikombe chenye alama, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Na tazama anga: huku kwetu ngurumo za alasiri huja haraka, na unyevu ukitua juu ya rezini mbichi huiharibu. Anza umande ukishakauka, umalize kabla ya saa nane.

Onyo la uhai: hadena ya poliesta na kobalti (dawa ya kuharakisha kuiva) visikutane moja kwa moja kamwe, hata tone, vinaweza kulipuka. Kobalti huchanganywa kwenye rezini kwanza, ikamalizika, ndipo hadena ifuate. Hadena ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15 bila kuacha, kisha hospitali moja kwa moja, kwa sababu inaweza kupofusha.

Dalili ya tano: nyuzi zimetokeza, uso umekuwa mweupe

Hili ni jua zaidi kuliko maji. Mabati ya faiba ya kuingizia mwanga yaliyoezekwa Nakuru huonesha hivyo hivyo baada ya miaka. Jua hula rezini ya juu, nyuzi hubaki wazi, ndipo mvua hupata utambi wa kufuata. Kwenye mashua, piga msasa, kausha, paka gelikoti au rangi. Kwenye bati, badilisha. Na usikanyage, maana limepungua nguvu kuliko linavyoonekana.

Vyombo vilivyokaa kwenye magadi au saruji

Boti iliyotumika kwenye ziwa la magadi kama Nakuru, ambalo pH yake ni karibu 10, ina hesabu tofauti. Magadi huvunja poliesta haraka, na hushambulia kioo chenyewe pale nyuzi zilipo wazi. Saruji mbichi nayo ni ya aina hiyo, ndiyo maana kuna kioo cha pekee chenye zirkonia kwa ajili ya zege. Kwa hiyo usifukie ukingo wa tangi la faiba kwenye saruji bila kizuizi katikati. Nyuzi zikikatika kama biskuti unapozikunja, hakuna cha kutengeneza.

Kukausha, na kujua kwamba imekauka

Msimu mzuri ni Januari na Februari. Wavuvi wa omena hupenda kuleta mashua kati ya Aprili na Julai, uvuvi wao unapofungwa, na ninawaelewa, ila Aprili na Mei ndiyo mvua yenyewe. Wakati huo lazima paa liwepo. Turubai lililobanwa kote halikaushi, linapika maji papo hapo. Liinue kama hema, upepo upite chini na juu. Geuza mashua, acha vizibo vyote wazi. Usiwashe moto wala jiko chini yake, wala kuipitisha taa ya gesi: maji yakigeuka mvuke ndani huzipasua tabaka ulizokuwa ukijaribu kuziokoa.

Muda? Faiba nene huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi, na hakuna dawa ya kuikwepa ile hesabu niliyoitaja. Badala ya kukisia, pima. Bandika karatasi ya nailoni angavu ya sentimita 30 kwa 30, ukizungushia mkanda pande zote, uiache siku nzima na usiku wake. Matone yakionekana upande wa ndani, bado. Nailoni ikiwa kavu, rudia mahali pengine, hasa karibu na mkuku ambako faiba ni nene.

Ukitaka uhakika zaidi, chukua kipande ulichokata kwenye lile tundu la ukaguzi na ukipime kwa mizani ya sonara. Tuseme ni gramu 20.00. Kiweke penye joto la digrii 60 hivi, ukipime kila siku mpaka uzito usibadilike. Kikisimama kwenye gramu 19.70, mashua yako ilikuwa na maji ya asilimia 1.5. Endelea kukata vipande vidogo mahali utakapoziba hata hivyo, kila baada ya wiki mbili, uandike tarehe na uzito ukutani kwa penseli. Nambari zikishuka na kutulia, na nailoni ikae kavu siku 3 mfululizo, fungua kopo la epoksi.